Mosquito ya uwiano wa 1/48 kwenye meza ya fundi wa mbao: tathmini kutoka Lamu

Kwa muda wa miaka kumi na moja nimekuwa nikiunganisha modeli za ndege za kivita nyakati za usiku, baada ya kufunga karakana yetu ya kuchonga milango, na sikumbuki seti iliyonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja kama hii ya de Havilland Mosquito FB Mk.VI, toleo la kupigana na kuangusha mabomu pia, niliyoimaliza mwezi uliopita. Kampuni iliyotengeneza seti hiyo sitaitaja, kwa sababu nina manung'uniko mawili juu yake na si ada yangu kumwaibisha mtu mbele ya kadamnasi. Modeli ya ndege hii imewahi kutolewa na kampuni nyingi kwa ukubwa tofauti, kwa hiyo msomaji asijisumbue kubahatisha. Akisoma nilivyoichambua atajua cha kutazama katika sanduku lolote atakaloletewa.

Jina lake maana yake ni mbu, na nyumbani kwangu utani juu ya jina hilo haujaisha, kwa kuwa mbu ndicho kitu pekee ambacho mji huu haujawahi kuhitaji kuagiza kutoka ng'ambo. Mimi niliitaka kwa sababu nyingine. Mosquito ilikuwa ndege ya mti. Ya kwanza iliruka huko Hatfield, Uingereza, tarehe 25 Novemba 1940, wakati ambapo madini ya kuundia ndege yalikuwa yakigombaniwa na viwanda vyote vya vita, huku maseremala na mafundi wa samani wakiwa wapo na mikono yao haina kazi ya maana. De Havilland, mwenye kampuni iliyoiunda, alikuwa ameshaijaribu njia hiyo katika ndege yake ya abiria iliyoitwa Albatross: mbao nyepesi ya balsa kutoka Amerika ya Kusini ikawekwa katikati ya tabaka mbili za plaiwudi nyembamba, ikagundishwa, na ukuta uliopatikana ukawa mwepesi na mgumu kwa wakati mmoja. Hadi uundaji ulipokoma zilikuwa zimetengenezwa Mosquito 7,781. Mtu ambaye chakula chake kinatokana na randa na patasi hawezi kuipita ndege kama hiyo bila kugeuza shingo.

Sanduku lilifika likiwa zima, na hilo nalisema kwa shukrani, kwa kuwa lilitoka Nairobi kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, kisha likapandishwa vichochoroni juu ya mkokoteni pamoja na mifuko miwili ya vitunguu. Bei yake ilikuwa shilingi 5,400, na usafirishaji ulinila shilingi 2,900 nyingine. Ndani mlikuwa na fremu saba za plastiki ya kijivu, fremu moja ya vipande vya kioo, karatasi ya stika za maji na kijitabu cha maelekezo. Uwiano wa 1/48 maana yake ni kwamba kila sentimita ya modeli inasimama badala ya sentimita 48 za ndege yenyewe, hivyo mabawa ya Mosquito, ambayo kutoka ncha hadi ncha yalikuwa na mita 16.5, huku yanakuwa sentimita 34 na ushei, yaani kuzidi kidogo rula ya mtoto wa shule. Ni ukubwa unaokaa vizuri rafuni na bado unamruhusu fundi kuonyesha saa na swichi za chumba cha rubani.

Raha niliyoitaja inaanzia kwenye kiwiliwili. Karibu kila seti ya plastiki huleta kiwiliwili cha ndege kikiwa kimepasuliwa katikati kwa urefu, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na mwunganishaji huvumilia tu, akijua kwamba ndege halisi ya madini haikuundwa hivyo na kwamba mshono ule ni lazima afiche. Mosquito ni tofauti. Kiwandani kiwiliwili chake kilijengwa vivyo hivyo, nusu mbili, kila nusu ikikunjwa juu ya kalibu ya mkangazi au ya saruji. Mafundi wakapachika nyaya, mabomba na vifaa wakiwa wamesimama wazi mbele ya nusu yao, halafu nusu mbili zikakutanishwa na kugundishwa. Nilipokuwa nimeshika nusu ya kushoto kwa kibano na kupachika paneli ya redio, nilikuwa nafuata mpangilio uleule wa kazi waliofuata wao. Sijapata seti nyingine ambamo mchezo na kazi halisi vinakaribiana kiasi hicho, na kampuni hii imeliheshimu jambo hilo: nusu mbili zilikutana bila kulazimishwa, na mshono ulihitaji msasa namba 600 mara mbili tu.

Ami yangu, aliyejenga mashua Matondoni tangu ujana wake, alinikuta usiku huo nusu hizo zikiwa bado zimelala mezani. Akaichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwa ndani kutoka puani hadi mkiani.

"Mwanangu, chombo hiki mataruma yake yako wapi?"

"Hakina, ami. Ukuta wenyewe ndio unaobeba. Ndani mna viambaza vichache tu."

"Basi huo ni mtumbwi," akasema, akairudisha polepole mahali pake.

Nimesoma maelezo mengi ya wahandisi kuhusu ukuta unaobeba mzigo bila mifupa, na hakuna lililonikaa kichwani kama hilo.

Ukucha wa ami, hata hivyo, ungepita nje ya kiwiliwili ungekwama, na hapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza. Waliochonga kalibu ya seti hii wametoboa safu za ribiti juu ya kiwiliwili, ndogo ndogo na zenye nafasi sawa, kama zilivyo kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya madini. Ribiti za nini? Kiwiliwili cha Mosquito kilipigwa msasa, kikafunikwa kwa kitambaa chembamba cha pamba, mfano wa bafta, kilichonyooshwa kwa vanishi maalumu, kikapakwa rangi. Sura yake ilikuwa laini kama kabati la harusi. Kuna milango ya ukaguzi na mifuniko michache ya madini, na injini zake mbili za Rolls-Royce Merlin zimevikwa mabati ambayo mistari na skrubu zake zina haki ya kuonekana. Lakini ubavuni na mgongoni, hapana. Nilitumia jioni nne kuziba vitundu hivyo kwa puti niliyoizimua kwa asetoni, naipaka kwa brashi, naacha ikauke, nasugua. Mwunganishaji asiyejali ataweza kuiacha ndege yake na ribiti zake na rafiki zake hawatasema neno. Mimi ningeona haya kuiweka karakanani, mbele ya watu wanaojua mbao.

Mengine nayapita haraka. Chumba cha rubani ni kizuri mno kwa bei hii: rubani yuko kushoto, mwongozaji wa safari yuko kulia na nyuma kidogo, na kioo cha mbele ni bapa, kama inavyopaswa kwa toleo la FB lenye bunduki puani, si kile cha pembe cha matoleo ya kuangusha mabomu tu. Rafadha zote mbili zinazunguka upande mmoja, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa kila anayeitazama hudhani nimekosea. Mizinga minne ya milimita 20 iliyo chini ya pua na bunduki nne ndogo zilizo juu yake zimekuja na midomo iliyo wazi, hivyo hakuna haja ya kuzitoboa kwa keekee ya mkono. Magurudumu ni hafifu. Palipoungana bawa la kulia na kiwiliwili pana mwanya unaopitisha karatasi mbili, nami nikaukalafati kwa ukanda wa plastiki na gundi.

Gundi yenyewe inastahili aya yake, hasa kwetu sisi wa pwani. Ile ya modeli haigandishi kama gundi ya mbao. Huyeyusha plastiki ya pande mbili hadi zikawa kitu kimoja, hivyo unyevu wa Lamu hauidhuru. Ndege halisi haikubahatika hivyo. Mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilizopelekwa India zilivunjika mabawa angani, na katika uchunguzi wapo waliolaumu joto na unyevu vilivyoila gundi ya mwanzo, iliyotokana na maziwa, na wapo waliolaumu viungo vilivyofungwa vibaya kiwandani. Yeyote aliyewahi kuona mlango wa mninga ukifumuka maungio baada ya masika mawili ya kusi hatashangazwa na upande wowote wa hoja hiyo. Kwa vipande vya kioo usitumie gundi ya haraka, kwa kuwa mvuke wake hukipaka kioo ukungu mweupe usiofutika. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, ile ya mkebe, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Inakauka ikiwa angavu, na hapa kisiwani haikosekani katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Rangi ndiyo iliyonichelewesha. Chini ni kijivu cha bahari. Juu ni kijani iliyokolea na kijivu cha kiza, kwa mawimbi. Nilipulizia koti la kwanza la kijani jioni, hewa ikiwa imebeba maji, na kufikia asubuhi bawa zima lilikuwa limepiga weupe kama kwamba limenyunyiziwa unga. Kosa ni langu, si la seti: rangi za laka hunasa unyevu zinapokauka haraka. Nililisugua, nikasubiri siku yenye upepo mkavu wa kaskazi, nikapulizia upya saa saba za mchana nikiwa nimefungua madirisha ya pande zote mbili, na safari hii ikakauka sawasawa.

Lalamiko la pili linahusu kijitabu. Miongoni mwa ndege tatu ambazo stika zake zimo sandukuni, imo moja ya kikosi namba 487 cha New Zealand, yenye herufi EG, na maelekezo yanasema ni ndege iliyoshambulia gereza la Amiens, Ufaransa, tarehe 18 Februari 1944, siku ambayo Mosquito ziliruka chini chini juu ya theluji na kubomoa kuta ili wafungwa watoroke. Vizuri. Kisha mchoro huohuo unamwamuru mwunganishaji apake mistari myeupe na myeusi juu ya mabawa na kiwiliwili. Mistari ile ilipakwa kwenye ndege za Washirika, nchi zilizopigana na Ujerumani, mwanzoni mwa Juni 1944, kwa ajili ya majeshi kutua pwani ya Normandy, Ufaransa. Mwezi Februari hapakuwa na ndege hata moja iliyokuwa nayo. Ama waandike tarehe ya Juni, ama waiondoe mistari. Kwangu ilikuwa nafuu, kwa maana kuacha kuipaka ni kuokoa siku mbili za kubandika tepu, lakini kijana anayeanza atakiamini kijitabu, na kwa nini asikiamini, ilhali amekilipia?

Stika zenyewe ni nyembamba na rangi zake hazijahama. Ziloweke katika maji ya mvua au ya chupa. Yangu ya kwanza niliiloweka katika maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi, ikaacha mpaka mweupe kuzunguka herufi E, nami nikalazimika kuuosha kwa pamba kabla ya kupaka vanishi.

Je, ningeinunua tena? Ningeinunua, kwa ajili ya kile kiwiliwili. Ila kwa anayeanza namshauri aitafute Mosquito ya uwiano wa 1/72, ambayo mabawa yake ni kama sentimita 23 na vipande vyake ni vichache. Atakayeagiza hii ya 1/48 aagize kwa pamoja puti, vanishi isiyong'aa na tepu nyembamba ya kuzuia rangi, viingie ndani ya sanduku moja, kwa sababu mwenye boti wa Mokowe anatoza kwa mzigo, hatozi kwa uzito.