Uzoefu wangu wa kozi ya kiangazi Svalbard, kwa wanafunzi wa pwani

Kwa mwanafunzi wa bahari, mazingira au jiolojia anayetoka pwani yetu, sijaona kozi inayomfaa kuliko hii. Nasema hivyo nikijua gharama zake na baridi yake. Svalbard ni visiwa vya Norwei, nyuzi 78 kaskazini, na mji wake mkubwa, Longyearbyen, una watu kama 2,500 tu. Hapo ndipo ilipo UNIS, kituo cha vyuo vikuu kilichoanzishwa mwaka 1993. Wanafunzi wa nchi mbalimbali huenda huko kusoma barafu, bahari na miamba, na masomo ni kwa Kiingereza.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa mjomba wangu Pangani nimekua nikisikia habari za Maziwe. Wazee walikijua kikiwa kisiwa chenye mivinje. Sisi tumekikuta fungu la mchanga linalomezwa bamvua likijaa, hata mayai ya kasa huhamishiwa bara yasije yakazama. Chanzo cha kisiwa kile kuliwa kinajadiliwa mpaka leo, na simo katika wanaosema barafu ndiyo iliyokimaliza. Lakini maji ya bahari yanapanda vipi, na kwa nini, hilo lilinikaa moyoni, nikaomba nafasi kwenye kozi hii.

Jibu nililipata kwenye mhadhara wa usawa wa bahari, na kwangu huo peke yake ulitosha nauli. Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haiongezi maji ya kutajika, kwa kuwa nafasi yake majini ilishaichukua. Inayoongeza ni ile iliyolala juu ya nchi kavu, na zaidi ya nusu ya Svalbard imefunikwa na barafu ya namna hiyo. Mpaka hapo nilikuwa nafahamu. Nililokuwa silijui ni kwamba maji hayo hayajigawi sawasawa duniani. Mlima mkubwa wa barafu, kama ule wa Greenland, una uzito wa kuyavuta maji ya bahari yausogelee. Ukipungua, mvuto nao unalegea, maji yanaondoka, na ardhi iliyokuwa imegandamizwa inainuka. Kwa hiyo jirani na barafu inayoyeyuka bahari inaweza hata kushuka, huku mbali, kwenye nchi za joto, ikipanda kupita wastani. Yaani maji yanawaondokea wao yanatujia sisi. Nilimwomba mwalimu arudie, nihakikishe nimesikia sawa. Akanionyesha kwenye ramani, na Afrika Mashariki ilikuwa upande wa kupandiwa. Jambo hili lilipaswa kufundishwa Tanga kabla ya kufundishwa kwingine kokote.

Kazi ya nje ni ya mikono. Vijiti virefu huchimbiwa ndani ya barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa polepole, kisha kiangazi mnapanda kupima vimejitokeza kiasi gani. Kilichojitokeza ndicho kimo cha barafu kilichoondoka, na kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, unafanya hesabu ndogo kupata kiasi cha maji. Hakuna mashine ya ajabu, ni kijiti, futi ya kupimia na daftari. Ukiviangalia mwenyewe vijiti vile vilivyojitokeza, habari kwamba Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, inapata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia haibaki maneno ya kwenye redio.

Penye vifusi vya mawe chini ya Longyearbreen, barafuto iliyo karibu na mji, tulikuta alama za majani ya miti ndani ya mawe, majani mapana kabisa. Leo Svalbard hakuna mti hata mmoja wa kukukinga upepo. Mamilioni ya miaka iliyopita palikuwa na misitu, na misitu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa makaa ya mawe yaliyouanzisha mji mwaka 1906.

Usalama wanauchukulia kwa uzito unaostahili. Kuna dubu weupe, kwa hiyo kabla ya kutoka mjini mnafunzwa namna ya kuwakwepa, kuwafukuza kwa fataki za kutishia, na kutumia bunduki ikishindikana kabisa. Niliogopa bunduki kuliko dubu, lakini wakufunzi ni wavumilivu na hawamcheki mtu.

Maisha ya mjini yalinikalia vizuri. Viatu vinavuliwa mlangoni, hata chuoni na kwenye baadhi ya hoteli, desturi ya tangu enzi za wachimbaji waliokuwa wakirudi na vumbi la makaa. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo. Jua ndilo linalosumbua. Halizami tangu takriban Aprili 20 hadi Agosti 22, nasi tunatoka mahali ambapo siku ndefu na siku fupi hazipishani hata saa nzima. Mama aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, sasa mnalala saa ngapi?" Beba kitambaa cha kufunika macho. Kuhusu sala, muulize shehe wako mapema. Wa kwetu alinielekeza nifuate saa za Makka, nikatulia.

Chakula ni ghali mno, mboga zinatoka mbali kwa meli au ndege. Pika mwenyewe, na ubebe iliki na mdalasini. Nguo usinunue kule. Ingia mitumba ya Ngamiani, au panda Lushoto, utafute sweta za sufu na koti zito lisilopitisha upepo. Julai kwao ni nyuzi 6 au 7 tu, na juu ya boti upepo unakata. Ghala la mbegu la dunia, linalohifadhi akiba ya mbegu za mazao karibu na mji na lililofunguliwa 2008, utaliona kwa nje tu, usilipangie siku.

Mwisho viza, maana hapa wengi watakwama. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini ndege zinapitia Oslo au Tromsø, miji ya Norwei bara, iliyo ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na visiwa viko nje ya eneo hilo. Ukitoka Norwei bara kwenda kule umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Wakala mmoja wa safari alitaka kuniombea viza ya kuingia mara moja. Kataa, omba ya kuingia mara mbili. Kata na bima inayogharamia kusafirishwa kwa ndege ukiugua, kwa sababu hospitali ya kule ni ndogo na wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø.