Kipande cha mkongo wa Atlantiki wa 1858: chuma kingi, shaba haba

Tiffany ya New York iliuza vipande hivi mwaka 1858 kwa senti 50. Kila kimoja kina urefu wa inchi 4, pete za shaba ya njano kwenye ncha na kibao chenye jina la kampuni. Vilikatwa kutoka kwenye masalio yaliyobaki ndani ya meli Niagara baada ya mkongo wa simu ya maandishi kutandazwa kati ya Ireland na Newfoundland mwezi Agosti.

Anayekinunua atazame kwanza ncha. Katikati kuna nyaya 7 za shaba zilizosokotwa pamoja, zikafunikwa kwa matabaka 3 ya gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya ambao hulainika kwenye maji ya moto na kukakamaa kwenye maji baridi. Juu yake kuna katani yenye lami, kisha kamba 18 za chuma, kila moja ya nyuzi 7. Ukikuta nyaya 10 nene za chuma, kila moja imevikwa katani ya Manila, huo ni mkongo wa 1865 au 1866.

Usokotaji ni wa kupendeza, lakini mgawanyo wa malighafi ni mbaya. Maili moja ya bahari ya mkongo huo ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Shaba ndani yake ni kilo 48 na nusu tu, haifiki asilimia 5. Gutapecha ni kilo 118. Huo ndio udhaifu wake mkubwa. Shaba ikiwa upande mmoja wa gutapecha na maji ya bahari upande wa pili, umeme hujilimbikiza njiani, na pigo lililoingia likiwa kali hutoka limetanuka na kufifia. Mwanafizikia William Thomson alionyesha kuwa urefu ukizidi mara mbili, ucheleweshaji huzidi mara nne. Dawa yake ni kunenepesha shaba na gutapecha. Hakusikilizwa. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua kama saa 16.

Utengenezaji nao ulikuwa na kasoro. Kiwanda cha Greenwich na kile cha Birkenhead vilisokota chuma kwa pande zinazopingana, hivyo nusu mbili zikiunganishwa na kuvutwa, kila moja huifungua nyenzake. Ilibidi kiungo kishikiliwe kwa kifaa cha mbao. Mkongo pia uliachwa juani, gutapecha ikalainika na shaba ikahama kutoka katikati. Wildman Whitehouse, msimamizi wa umeme wa mradi huo, alipousukumia umeme unaokadiriwa kufikia volti 2,000, sehemu hizo nyembamba hazikuhimili. Ndani ya wiki chache ukanyamaza.

Mkongo wa 1866 ulipewa kilo 136 za shaba na 181 za gutapecha kwa maili, ukafanya kazi. Kwa anayetaka mfano wa usanifu uliokomaa, huo ndio wa kutafuta.

Cha 1858 kinunuliwe kikiwa na pete zake, kwa sababu hewa na mwanga hukausha gutapecha hadi ipasuke. Kiwekwe gizani, mbali na joto. Kutu usiikwangue: nyuzi hizo 126 ni nyembamba, na zikikatika kamba hufumuka.