TAHADHARI PEMBA: "Seli shina za mtoto wako" zinazouzwa kwa vipakiti ni utapeli

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wenye watoto wa siko seli, Chake, Wete, Mkoani na hata Unguja, nakuombeni msome mpaka mwisho. Na kama una jirani mwenye mgonjwa na hana simu, msomee.

Kuna bwana anazunguka na koti jeupe, na msaidizi wa kutoa damu. Wanakodi ukumbi, wanaita wazazi "semina", wanaonyesha video za maabara. Maneno yao ni haya: damu ya mtoto wako itapelekwa Ulaya, zitolewe seli shina zake mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, zirekebishwe, na baada ya wiki mbili zirudi zikiwa unga. Unga unawekwa chini ya ulimi asubuhi kabla ya kula. Boksi moja shilingi 350,000, na ukiuliza mtoto atapona lini unaambiwa dozi kamili ni maboksi sita.

Wifi yangu aliuza bangili zake akanunua mawili. Mtoto wao ana miaka sita.

Vipakiti hivyo nimevishika kwa mkono wangu. Damu ya mtoto ilitolewa mwezi wa tatu mwaka huu. Boksi limepigwa chapa kuwa limetengenezwa mwezi wa saba mwaka jana. Jirani ana boksi la mtoto mwengine kabisa, na namba ya toleo ni ileile. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, pameandikwa Malus domestica. Hilo ni jina la kitaalamu la mtufaa wa Ulaya, haya matufaa mekundu ya dukani. Chini yake: sukari, ladha, na maneno kwamba hiki ni kirutubisho cha chakula. Hamna humo hata chembe ya damu ya mtu. Na hata ingekuwamo, seli hai haikaushwi ikawa unga wa kulamba, ikasafiri kwa boti, kisha ikapita tumboni na kufika kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Wanachokitumia kutuvuta ni kweli, na ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaingia. Yule Mjapani wa kwenye video ni mtu wa kweli, Shinya Yamanaka wa Kyoto. Mwaka 2006 alionyesha kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa ikawa kama seli shina. Mwaka 2012 akapewa Nobeli pamoja na John Gurdon. Tangu hapo watafiti huchukua seli za mgonjwa wa maradhi ya kurithi, wakazikuza maabara zikawa za moyo, za neva au za damu, wakaangalia ugonjwa unavyoanza na kuzijaribia dawa. Huko ni kuuchunguza ugonjwa. Bwana wa semina anaonyesha uchunguzi halafu anakuuzia kama tiba.

Tiba ya siko seli kwa seli za mgonjwa mwenyewe nayo ipo. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Seli shina hukusanywa kutoka kwenye damu ya mgonjwa kwa mashine hospitalini, vinasaba vyake vikarekebishwa maabara, naye akapewa dawa kali ya kuusafisha uloto wake kabla ya kurudishiwa kwa mshipa. Hulazwa kwa wiki kadhaa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5. Sasa nani atakuletea kitu hicho kwa laki tatu na nusu, tena kwa mtoto wa miaka sita?

Kinachoniuma kuliko hizo pesa ni hiki. Waliwaambia wazazi waache vidonge vya hidroksiyurea, dawa ya siko seli ya hospitali, "ili seli zifanye kazi". Jamani! Ile tiba ya mabilioni inafanya nini? Himoglobini ndiyo inayobeba hewa ndani ya damu, na ya mwenye siko seli huzipinda chembe za damu. Tiba ile inaurudisha mwili utengeneze himoglobini ya kichanga, ile tunayozaliwa nayo, maana hiyo haizipindi. Na hidroksiyurea nayo huipandisha himoglobini hiyohiyo, kwa kiasi chake, ilimradi imezwe kila siku. Yaani walimnyang'anya mtoto dawa inayofanya sehemu ya kazi ileile waliyodai kumuuzia. Haukupita muda maumivu yakamshika miguu na mgongo, akalia usiku kucha, ikabidi alazwe na kuongezwa damu. Sasa yuko nyumbani, alhamdulillah, na vidonge amerudishiwa.

Usiache dawa ya hospitali kwa kauli ya muuzaji. Si hidroksiyurea, si foliki asidi, si penisilini ya wadogo. Anayetaka kujua habari za kupandikiza uloto amuulize daktari wake: Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma imeshawapandikiza watoto wenye siko seli, kwa uloto wa ndugu aliyelingana nao. Ni jambo la vipimo na kulazwa, haliuzwi ukumbini.

Waliokwishalipa, msitupe boksi. Wekeni risiti, ujumbe wa muamala wa simu na zile sauti za WhatsApp, mpeleke polisi na kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mwambieni na sheha. Sisi tumeshapeleka vyetu. Na mtoto aliyetolewa damu na watu hawa apelekwe hospitali mkaeleze, maana sindano zile hatujui zilitoka wapi.

Nasikia semina inayofuata inaandaliwa Konde. Mwenye ndugu huko ampigie leo.