Kadi za famakolojia kwa Kiswahili: maoni yangu baada ya miezi minne

Kadi hizi za kukariria dawa nilizikuta kwenye steshenari moja ya Double Road hapa Moshi, siku niliyokwenda kutoa kopi ya madesa (notisi za darasani). Kasha dogo la karatasi ngumu lilikuwa kaunta, limefungwa kwa rababendi na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Dawa, kadi 96, Sh 10,000." Nilisita, kwa sababu bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) lilikuwa limebaki la kuhesabu na elfu kumi kwangu ni chakula cha siku kadhaa. Dada wa dukani akaniambia, "Mdogo wangu, chomoa moja usome. Usipoipenda rudisha."

Niliyoichomoa ilikuwa ya enalaprili, dawa ya presha. Imechorwa mwavuli, mvua, na mtu aliyejifunika khanga anakohoa. Chini yake: "Prili ni Aprili. Masika yameingia, kikohozi hakiishi." Nikalipa.

Aliyeishi Moshi mwezi wa nne hahitaji kuelezwa zaidi. Nyuma ya kadi kuna orodha fupi (kaptoprili, enalaprili, lisinoprili) na mstari mmoja wa sababu: dawa hizi zinazuia kimeng'enya ambacho pia huvunja bradikinini (kemikali ya mwilini), basi bradikinini inajikusanya na mgonjwa anapata kikohozi kikavu. Kadi inayofuata ni ya losatani: kitambaa cha satini kimefungwa shingoni, "satini ni laini, haikwaruzi koo." Yaani mgonjwa akishindwa kuvumilia prili, mara nyingi huhamishiwa kundi hilo.

Niseme kilichonifanya niziamini. Baba yangu anaishi Rombo na anatumia dawa ya presha. Mama alikuwa anamchemshia tangawizi na kumpa asali kwa wiki nyingi, kikohozi kiko palepale, hakuna makohozi wala homa. Jioni ile nilipiga simu nyumbani. "Shikamoo mama. Hebu nisomee jina lililoandikwa kwenye vidonge vya baba." Akasoma silabi moja moja, taratibu, na alipofika "...pril" nilikaa kitandani. Niliwaomba baba asiache dawa kwa uamuzi wake, aende kliniki akaeleze. Walimbadilishia, na baada ya wiki tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa nimeshafundishwa jambo hilo darasani mwaka wa pili, nikalijibu kwenye mtihani, likaondoka. Kadi ndiyo iliyolirudisha.

Hapo ndipo penye thamani ya kadi hizi. Misaada ya kumbukumbu tuliyorithi kutoka vitabu vya Kiingereza ni mizuri kwa aliyekulia kwenye lugha ile. Kwa sumu ya atropini, dawa inayokausha majimaji ya mwili, tunakaririshwa kwamba mgonjwa ni mkavu kama mfupa, mwekundu kama bitiruti, mwendawazimu kama mtengeneza kofia. Ilinibidi kwanza nitafute kwa nini mtengeneza kofia awe mwendawazimu (husemwa walidhurika na zebaki iliyotumika zamani kutengeneza kofia), kisha nikariri hilo, ndipo nirudi kwenye atropini. Ni kubeba mizigo miwili ili ufikishe mmoja.

Mtunzi wa kadi hizi amefanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Amechukua misimu yetu miwili na kuipanga kadi ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni "Masika": sumu ya dawa za kuulia wadudu, zile za jamii ya oganofosfeti. Kila mahali panavuja: machozi, mate, jasho, mkojo, kuhara, kutapika, na mapafu yanajaa majimaji. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ya pili ni "Kiangazi", nayo ni atropini: kinywa kikavu, ngozi kavu yenye joto, uso mwekundu, mkojo umegoma, mboni zimepanuka mpaka mwanga unaumiza. Katikati umechorwa mshale, "masika hukaushwa na kiangazi." Umepata sumu na tiba yake katika picha moja, na unajua unachokitafuta unapompa mgonjwa atropini: mapafu yakauke. Kwenye mkoa wa kahawa na nyanya, ambako mabomba ya kupulizia dawa yanaegemezwa ukutani karibu na jiko, hii si kadi ya kujibia mtihani tu.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya kifua kikuu. Wote tunajua vifupisho vya dawa za mwanzo, R, H, Z na E, na zamani S. Mtunzi amezigeuza hivi: R ni rangi, rifampisini inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. H ni hisia, isoniazidi inaweza kuleta ganzi na michomo miguuni, ndiyo maana wagonjwa huongezewa vitamini B6. Z ni kuzidi, kwa pirazinamaidi asidi ya yuriki inazidi na viungo vinauma. S ni sikio, kwa streptomaisini. Na E? Ni ile E kubwa iliyo juu kabisa ya chati ya kupimia macho, kwa sababu ethambutoli inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Miaka yote nilisumbuka kwa nini isoniazidi iitwe H. Sasa sisumbuki tena.

Wiki ya pili wodini mzee mmoja aliniita kwa sauti ya chini. "Daktari, nakojoa damu." Nikamwamkia, nikamuuliza ameanza dawa lini. Siku tatu. Neno "rangi" lilikuja kabla sijafungua faili. Nilimweleza daktari wa zamu, mkojo ukapimwa, haukuwa na damu. Nikarudi kukaa na yule babu nikamweleza kwamba hata machozi na jasho vinaweza kubadilika rangi. Alikuwa ameshaamua kuacha vidonge vile. Fikiria: matibabu ya miezi sita yangevunjika siku ya tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Nyingine zipo za kawaida. "Ololi, pole pole" ina mwongozaji wa mlima anayetangulia wageni, kwa atenololi na propranololi zinazopunguza mwendo wa moyo, na mmoja wa wageni ana pumu anahema, onyo kwamba asipewe propranololi. Metronidazoli imechorewa kata ya mbege (pombe ya ndizi) iliyopigwa alama ya X, yaani usichanganye na pombe. Zinatosha.

Sasa kasoro, na moja ni kubwa. Kadi ya "zoli" inasema "zoli ni fangasi", basi. Hiyo si kweli, na mwanafunzi wa mwaka wa pili akiimeza ataumia. Omeprazoli ni ya tindikali ya tumbo, albendazoli ni ya minyoo, kabimazoli ni ya tezi ya shingo, na hiyo metronidazoli ya mbege iko kwenye kasha hilohilo! Kinachotofautisha ni silabi zinazotangulia: konazoli ndiyo fangasi, prazoli tumbo, nidazoli amiba na baadhi ya bakteria, bendazoli minyoo. Nimeirekebisha kwa kalamu, na yeyote anayenunua afanye hivyo kabla ya kuanza kusoma.

Kasoro ya pili ni kwamba mstari wa sababu upo kwenye kadi chache. Nimehesabu 31 kati ya 96. Kadi zisizo na sababu ndizo ninazozisahau, kwa sababu neno likiteleza huna pa kushika. Wino nao unachuja ukishika kwa mkono wenye jasho. Nimezipeleka kwenye lamineti zile ninazozipenda, na hiyo ni gharama juu ya gharama. Kwa upande mwingine, majina ya Kiingereza ya kila dalili yapo nyuma kwa herufi ndogo, hivyo wanaohofia kwamba mtihani ni wa Kiingereza wasihofu.

Kuhusu namna ya kuzitumia: usizisome zote kila siku. Nina maboksi matatu ya viatu chini ya kitanda, njia iliyoenezwa na mwandishi Sebastian Leitner. Kadi niliyoipata inahamia boksi linalofuata, niliyoikosa inarudi la kwanza. La kwanza nalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu Jumapili. Anki, programu ya kadi za kukariria, inafanya kazi hiyohiyo kwenye simu, na kwa Android ni bure, nami ninaitumia kwenye daladala. Ila nikisoma kwenye simu, baada ya dakika kumi niko WhatsApp. Kadi za karatasi hazina ujumbe unaoingia.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mji huu uko chini ya Kilimanjaro, wapandaji wanapita kila siku, na kasha zima halina asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko mlimani. Nimeitengeneza mwenyewe, kadi ya 97. Nimechora fagio kwenye njia ya mlima: "zola ni kuzoa." Inazoa bikaboneti na kuitupa kwenye mkojo, asidi ya damu inaongezeka kidogo, mwili unaitikia kwa kupumua zaidi, na huko juu ndiko hewa inakohitajika. Kwenye vidole vya mpandaji nimeweka sisimizi, kwa ajili ya ule mchonyoto wanaoulalamikia. Jumamosi nilimpelekea dada wa steshenari pamoja na ile ya zoli niliyoisahihisha, akaahidi kumfikishia mtunzi atakapokuja kuleta makasha mengine.