Nyota wa Kwanza au Mrithi Wake? Rekodi za Tamthilia za Muziki za Kununua Ukiwa Nairobi

Tafuta "The Lion King" kwenye programu ya muziki ya simu na utaletewa angalau albamu nne za kukuchanganya: ya filamu ya katuni ya 1994, ya 1995 iitwayo Rhythm of the Pride Lands, ya jukwaani ya 1997 na ya filamu ya 2019. Waigizaji wa kwanza wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, wako kwenye ile ya 1997. Utaitambua kwa mhusika aitwaye Rafiki: kwenye katuni ni Robert Guillaume, mwanamume, jukwaani ni Tsidii Le Loka, mwanamke, na ndiye anayefungua mchezo kwa Kizulu. Wimbo wa "He Lives in You" usikuhadae. Ulianzia kwenye albamu ya 1995 ndipo ukapandishwa jukwaani, kwa hiyo kuusikia si ushahidi kwamba umepata rekodi sahihi.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea katika ununuzi huu: mtu ananunua jina la mchezo, kumbe angenunua jina la mwimbaji na mwaka. Neno "Original" kwenye jalada maana yake ni waliotangulia kucheza, basi. Ubora ni suala jingine, na mara kadhaa aliyekuja baadaye ndiye mwenye rekodi ya kununua.

Kwa nini warithi wengi hawana rekodi

Ni hesabu ya pesa. Kwa kanuni za chama cha waigizaji cha Marekani, Actors' Equity, siku moja ya kurekodi humgharimu mwenye mchezo mshahara wa wiki nzima kwa kila mwigizaji, na hapo hujalipa wapiga ala wala studio. Gharama hiyo hubebwa mara moja, mchezo ukiwa bado mpya na magazeti yanauandika. Nyota akiondoka mwaka mmoja baadaye, nafasi inapata mtu mwingine, tiketi zinaendelea kuuzwa, lakini rekodi hubaki ile ile.

Matokeo yake kuna sauti kubwa ambazo huwezi kuzinunua hata ukiwa na pesa. Reba McEntire aliingia Annie Get Your Gun mwaka 2001 akasifiwa sana; rekodi iliyopo ni ya Bernadette Peters. Toni Braxton alicheza Aida mwaka 2003, nafasi iliyoanzishwa na Heather Headley. Rekodi ni ya Headley. Liza Minnelli alishikilia nafasi ya Gwen Verdon katika Chicago kwa wiki chache mwaka 1975, na Javier Muñoz akampokea Lin-Manuel Miranda katika Hamilton mwaka 2016. Hao wote hawana albamu ya mchezo husika. Ukiuziwa "albamu" yao kwenye flashi mjini, ujue ni sauti iliyoibwa ukumbini kwa simu, au vipande vya YouTube vilivyounganishwa.

Upande wa pili, rekodi za Broadway kwa desturi ya zamani zilifanywa Jumapili ya kwanza baada ya ufunguzi, waimbaji wakiwa wametoka kwenye wiki za mazoezi na maonyesho mfululizo. Kwa hiyo nyota wa kwanza unayemsikia mara nyingi ni nyota aliyechoka. Faida yake ni kwamba nyimbo zimepangwa kwa koo lake: ufunguo wa muziki, mahali pa kuvuta pumzi, hata utani.

Nafasi ya kwanza: rekodi kamili ya waliotangulia, pale nafasi ya uigizaji iliposhonwa kwa kipimo chao

Hamilton ya 2015 iko juu ya orodha bila ubishi. Nyimbo 46, kama dakika 142, sidii mbili, na karibu mchezo wote umo. Leslie Odom Jr. akiwa Burr, hasimu wa Hamilton, hajapata wa kumfikia kwenye rekodi. Angalia usichanganye na The Hamilton Mixtape ya 2016, ambayo ni wasanii wa pop na rap wakiimba nyimbo zilizochipuka kwenye mchezo huo. Jambo ambalo wengi hawalijui: Jonathan Groff, Mfalme George wa kwenye rekodi, mwenyewe ni mrithi. Kabla ya Broadway nafasi hiyo ilikuwa ya Brian d'Arcy James.

Wicked ya 2003, Idina Menzel na Kristin Chenoweth, inunue kwa sababu hiyo hiyo. The Lion King ya 1997 pia, na kwa msikilizaji wa Nairobi ina utamu wa ziada: sauti za Lebo M na wenzake wa Afrika Kusini ziko mbele, hazijafichwa nyuma ya violini. Nala humo ndani ni huyo huyo Heather Headley.

Sarafina! ni kisa rahisi. Watu wa hapa wengi wanaijua filamu ya 1992 yenye Whoopi Goldberg na Miriam Makeba, ambao hawakuwa jukwaani. Rekodi ya Broadway ya 1988 ina Leleti Khumalo yule yule, na kwaya yake ni ya vijana waliokuwa wakiimba kila usiku pamoja. Kama unafundisha kwaya ya shule, chukua ya 1988.

Fela! nayo isikutatize. Nafasi ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, ilikuwa nzito kiasi kwamba Broadway, mwaka 2009, waliigawanya kati ya Sahr Ngaujah na Kevin Mambo. Rekodi ni ya Ngaujah.

Nafasi ya pili: mrithi aliyepata rekodi yake

Ni wachache, na ndiyo maana wanapanda juu hivi. Hello, Dolly! ilianza 1964 na Carol Channing. Mwaka 1967 mwenye mchezo alibadilisha waigizaji wote, akamweka Pearl Bailey na Cab Calloway wakiongoza kundi la weusi watupu, na kampuni ya RCA Victor ikatoa rekodi mpya. Ukiwa na pesa ya kununua moja, nunua hii ya 1967. Channing ana uchekeshaji, Bailey ana uimbaji. Na kwenye rekodi humwoni mtu akichekesha kwa uso.

Funny Girl ina mtego wa aina yake. Ile ya 1964 ni ya Barbra Streisand na haina mjadala. Lakini mchezo uliporudi Broadway mwaka 2022 ulifunguliwa na Beanie Feldstein, naye akaondoka mwishoni mwa Julai. Lea Michele akaingia Septemba, na rekodi iliyotoka Novemba ni yake, pamoja na Tovah Feldshuh aliyechukua nafasi ya Jane Lynch. Kwa hiyo anayetafuta waliofungua mwaka 2022 hatawapata, na asilaumu duka.

Waitress inakwenda kinyumenyume. Rekodi ya jukwaani ya 2016 ni ya Jessie Mueller. Sara Bareilles, mtunzi wa nyimbo zenyewe, alimpokea mwaka 2017, ila tayari alikuwa ameziimba kwenye albamu yake ya 2015, What's Inside. Hiyo ni mtunzi na wimbo wake. Ukitaka mhusika na kisa chake, chukua ya Mueller.

The Color Purple inahitaji uangalifu. Kuna ya 2005 yenye LaChanze, ina okestra nene, na ya 2015 yenye Cynthia Erivo, ambayo imepunguziwa ala hadi sauti inabaki karibu uchi. Ya Erivo ndiyo bora, na ndani yake Shug ni Jennifer Hudson. Headley, aliyempokea Hudson mwaka 2016, hayumo. Fantasia alichukua nafasi ya Celie, mhusika mkuu, mwaka 2007 baada ya LaChanze. Kumsikia yeye, nenda kwenye muziki wa filamu ya 2023.

Nafasi ya tatu: matamasha ya maadhimisho

Hapa wa kwanza na warithi wanakutana jukwaa moja. Les Misérables ya 1995, Royal Albert Hall, ina Colm Wilkinson na Michael Ball waliofungua London mwaka 1985, halafu Philip Quast na Lea Salonga waliokuja baadaye. Quast ndiye Javert (yule mkaguzi wa polisi) wa kununua, nukta. Ukitaka kila neno, iko ile ya sidii tatu iitwayo Complete Symphonic Recording; inakaribia saa tatu na Quast yumo, ila Valjean, mhusika mkuu, ni Gary Morris, si Wilkinson.

The Phantom of the Opera: ya London ya 1986, Michael Crawford na Sarah Brightman, sidii mbili. Wawili hao ndio waliofungua New York pia mwaka 1988, kwa hiyo hakuna rekodi ya Broadway. Ukioneshwa "Original Broadway Cast" ya Phantom, kimbia. Tamasha la 2011 lenye Ramin Karimloo na Sierra Boggess lina uimbaji safi zaidi kuliko la kwanza, ingawa wapenzi wa Crawford hawatakubali.

Jesus Christ Superstar haimo kwenye mpango huu, maana albamu ya 1970, yenye Ian Gillan na Murray Head, ilitangulia jukwaa lenyewe. Inunue hiyo.

Kununua santuri

Santuri za tamthilia bado zinajitokeza Kenyatta Market, kwa Real Vinyl Guru, na kwenye mali za wazee zinazouzwa mitaani. Utakayokutana nayo sana ni My Fair Lady. Ya 1956 ya New York ni mono, namba yake ya Marekani ni OL 5090. Ya 1959 iliyorekodiwa London ni stereo, OS 2015. Rex Harrison na Julie Andrews wako kwenye zote mbili. Ya 1956 ina uchangamfu. Miaka mitatu ya kurudia maneno yale yale inasikika kwenye ya pili. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa neno "Stereo". Ile yenye picha ya Audrey Hepburn ni ya filamu ya 1964, na mwimbaji mkuu ni Marni Nixon.

Kabla ya kutoa pesa, itoe santuri ndani ya jalada na usome lebo ya katikati, kwani majalada na santuri huachana. Iinamishe chini ya tochi ya simu. Mkwaruzo unaoonekana tu si tatizo. Unaokwama kwenye ukucha utaruka. Kisha mwombe muuzaji acheze wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, si wa mwanzo. Karibu na katikati mawimbi ya sauti kwenye mifereji hubanana na sauti ya juu huanza kukwaruza, hasa ya mwanamke akipanda, na tamthilia hupenda kufunga upande kwa wimbo mkubwa. Wimbo huo ukiwa safi, iliyobaki kwa kawaida ni salama. Usiipige santuri ya stereo kwenye redio gramu ya zamani yenye sindano ya mono: sindano ile haichezi juu na chini inavyotakiwa, itaiharibu mifereji ukiipiga mara chache tu.

Sidii kutoka nje

Kumwomba anayerudi kutoka London akubebee ndiyo njia ya nafuu. Mwambie atoe sidii na kijitabu, aache kasha la plastiki. Hupasuka kwenye begi hata hivyo. Kwa posta, weka akilini VAT ya 16% na tozo nyingine za forodha juu ya bei na usafiri. Kwa malipo, M-Pesa GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni bila kwenda benki.

Kabla ya kulipa soma mambo matatu: majina ya waimbaji, mwaka, na jumla ya dakika. "Highlights" ni vipande vya sidii moja. Evita ya London ya 1978, yenye Elaine Paige, ilitoka hivyo; ya New York ya 1979, yenye Patti LuPone, ni kamili, na ndiyo ya kuchukua. Jalada lisilo na jina la mwimbaji hata mmoja, lenye "Studio Cast" au "Songs from", ni la waimbaji wa kukodi. Hilo ndilo la mwisho kwenye orodha, hata likiwa la bei ya soda.

Simu na flashi ya gari

Mtandaoni, zima "Crossfade" (wimbo kuingiliana na unaofuata) na uchezaji wa nyimbo bila mpangilio, la sivyo mazungumzo yanayounganisha nyimbo yatakatika. Hamilton nzima kwa ubora wa 320 kbps hula kama MB 340 za bando. Kwa 160 ni nusu yake. Ipakue ukiwa kwenye waifai.

Ukinakili sidii mbili kwenye flashi, faili za kila sidii huanza kuhesabiwa na 01, na gari litapiga wimbo wa kwanza wa sidii ya kwanza, kisha wa kwanza wa ya pili: mtu anakufa kabla hajazaliwa. Zipe majina 101, 102, kisha 201, 202, ziweke folda moja, na flashi iwe imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32. Redio nyingine za gari hufuata mpangilio wa kunakiliwa, si wa majina. Kwa hizo, futa zote na uzinakili upya kwa mfuatano.

Walimu wa drama: kumiliki rekodi hakukupi ruhusa ya kuonyesha mchezo wala kupiga muziki wake mbele ya watazamaji wanaolipa. Kibali hutoka kwa kampuni inayosimamia mchezo husika, na huombwa kabla ya kugawa nafasi.