Switch ya gawk ni tamu, ila usihame nayo kompyuta

Jamani hii kitu bado inanikera. Kwenye laptopu yangu hapa Mtwara switch ya gawk ni tamu, wala sibishi (gawk ni toleo la GNU la awk, lugha ya kuchakata maandishi mstari kwa mstari, na switch ni amri ya kuchagua njia moja kati ya nyingi, kila njia inaitwa case). Makarani wa mizani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kila mtu anaandika daraja la korosho kivyake, huyu SG (yaani standard grade), yule sg, mwingine anamalizia "standard" nzima, na gawk inakuruhusu kuweka rejeksi (regex, kielelezo cha herufi za kutafuta) ndani ya case, yaani case /^[Ss]/ inawazoa wote, case /^[Uu]/ inabeba andagredi, yaani UG, halafu default inakamata mistari ya hovyo unaiweka pembeni. Kwenye lugha ya C hupati hiyo, kule case ni namba kamili tu.

Sasa msimu uliopita nikaipeleka skripti Tandahimba, orodha ya malipo inasubiriwa, wazee wamekaa nje toka asubuhi. Kompyuta ya pale awk inayo, kumbe awk yenyewe ni mawk, toleo jingine la awk lisilo na switch. Nikaendesha, ikanitupia "syntax error at or near {". Inalalamikia mabano! Neno switch haijaligusa, maana kwa mawk hilo ni jina tu la kigeugeu kama x, inalipita kimya kimya halafu inakwama kwenye mabano yanayofuata. Nikayakagua mabano juu mpaka chini, yako sawa, nikarudia tena, yako sawa, na kijana wa IT wa pale kasimama mgongoni kwangu, "Kaka skripti yako mbovu hiyo, si utumie Eksel tu". Mbovu vipi wakati faili lile lile kwangu linakimbia bila shida? Na ananiambia hivyo mbele ya wazee wa watu. Hata salamu hakunipa.

Haya, najua switch haimo kwenye POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, ni nyongeza ya gawk, na hata huko inakuja imewashwa toka toleo la 4.0 la 2011. Lakini mtu ana foleni nje, atajuaje yote hayo kwa kuonyeshwa bano?

Intaneti ilikuwa inasuasua, gawk haikushuka, nikaandika upya yote kwa if na else if, orodha ikatoka. Nikaapa switch basi, sitaki tena. Na ile habari ya break nayo, neno la kufunga kila case, isipokuwepo kilo za SG zinamwagikia kwenye UG bila kelele yoyote, hiyo ni hela ya mkulima!

Ila kusema kweli lile rundo la if likinijia mbele, na makarani kila msimu wana kifupi kipya, nairudia switch. Naipenda, ndo hivyo. Ila mstari wa kwanza wa skripti zangu sasa unaita gawk kwa jina, siyo awk, isipokuwepo iseme gawk haipo na iniachie mabano yangu.