Dawa za mzio wa chavua: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Miti na nyasi zinapomwaga chavua majira ya kuchipua, watu wengi huingia duka la dawa, husema "nina aleji", na hutoka na dawa ya shida ambayo si yao. Mzio wa chavua huja kwa sura tatu: pua kuziba, chafya na kamasi jepesi, macho kuwasha na kutoa machozi. Jua kwanza ni ipi inayokusumbua zaidi, kwa sababu dawa inayokausha kamasi inaweza isifungue pua kabisa.

Mpangilio huu ni wa watu wazima. Kwa mtoto, mjamzito au mwenye presha ya macho, muulize mfamasia kabla ya kulipa. Majina ya dawa tumeyaacha yalivyo kwenye boksi ili uyatambue rafuni.

Nafasi ya kwanza: dawa ya kupuliza puani yenye steroidi

Tafuta fluticasone, mometasone au budesonide. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hii. Hutuliza uvimbe wenyewe ndani ya pua, kwa hiyo kuziba, chafya na kamasi hupungua pamoja, na mara nyingi hata macho hupata nafuu. Kwa nguvu hazipishani sana, basi chukua ya bei nafuu. Baadhi zina harufu ya maua. Ikikukera, omba isiyo na harufu.

Wanaosema haiwasaidii huwa wamekosea mahali pawili. Kwanza ni muda: wanapuliza siku mbili, hawaoni tofauti, wanaitupa kabatini. Dawa hii huweza kuchukua hadi wiki mbili kufikia nguvu yake kamili, na hutumiwa kila siku hata siku ambayo pua imetulia. Anza wiki moja au mbili kabla ya msimu wako.

Pili ni mkono. Penga pua. Tikisa chupa, na kama ni mpya ibonyeze hewani mpaka itoe ukungu mwembamba. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama unatazama vidole vya miguu. Tundu la kulia lipulizie kwa mkono wa kushoto, la kushoto kwa mkono wa kulia. Mikono ikipishana hivyo, ncha huelekea upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua. Bonyeza huku ukivuta hewa polepole, kama unanusa chai. Ukivuta kwa nguvu, dawa hupitiliza hadi kooni na pua haipati kitu. Ukiulenga ule ukuta wa katikati, hukauka na kuchubuka, na baada ya siku kadhaa utaona damu kwenye leso.

Hesabu ya chupa: fluticasone ya kawaida huanza na mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, yaani minne. Chupa ya mipulizo 120 inakutosha siku 30. Dalili zikitulia, mpulizo mmoja kila tundu hutosha, na chupa hiyohiyo huenda siku 60.

Nafasi ya pili: vidonge vya antihistamini vya kizazi kipya

Hivi ni vya chafya, kamasi na muwasho. Kwa pua iliyoziba havina msaada mkubwa. Cetirizine miligramu 10 huanza kazi ndani ya saa moja hivi, lakini huwaletea baadhi ya watu usingizi, kwa hiyo imeze jioni. Loratadine miligramu 10 ni pole zaidi. Anayeendesha gari au mashine achukue fexofenadine ya miligramu 120 au 180, na aimeze kwa maji matupu: juisi ya chungwa, tufaha au balungi huzuia dawa hii isifyonzwe vizuri. Chagua kimoja; kuchanganya viwili vya aina hii siku moja ni kujiongezea madhara tu.

Chlorpheniramine, kile kidonge cha zamani cha bei ya chini, kiache. Huleta usingizi, hukausha mdomo, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba kinaweza kuzuia mkojo.

Macho

Ketotifen au olopatadine ya matone. Nyingi hutiwa tone moja kila jicho mara mbili kwa siku. Soma boksi, kwani olopatadine kali zaidi ni mara moja. Vua lenzi za macho kwanza na usubiri angalau dakika 10 kabla ya kuzirudisha. Matone ya "kung'arisha macho" hubana mishipa tu. Yakiisha nguvu, wekundu hurudi.

Maji ya chumvi na kisafisha hewa

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni msaada wa bei ndogo: nusu kijiko cha chai, kisichojaa, cha chumvi isiyo na madini joto kwa mililita 250 za maji. Maji lazima yawe yamechemshwa na kupozwa, au yaliyotoneshwa (distilled). Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kubeba vimelea vya hatari kubwa yakiingia puani. Yakichoma, mara nyingi chumvi ni kidogo mno au imezidi. Safisha kwanza, kisha ndipo upulize steroidi, la sivyo utaiosha.

Kisafisha hewa kinunue mwisho, kwa chumba cha kulala. Kiwe na kichujio halisi cha HEPA, yaani kinachonasa chembe ndogo sana. "Mfano wa HEPA" haikuahidi chochote. Zidisha ujazo wa chumba kwa 5: chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.5 kinahitaji mashine ya mita za ujazo 150 kwa saa. Epuka inayotoa ozoni.

Za kuogopa

Dawa za kupuliza za oxymetazoline na xylometazoline hufungua pua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukizitumia zaidi ya siku 3 hadi 5, pua huziba kila dawa inapoisha nguvu, na mtu huongeza mipulizo. Aliyekwisha kunasa aanze steroidi kila siku, aache hii ya kufungua pua kwenye tundu moja kwanza, na hilo likifunguka aiache kwenye la pili.

Ukisikia kifua kikibana au kulia filimbi, hakuna kitu cha kununua hapa: nenda kwa daktari.